Bunduki Hurithiwa na Nani? Katanga tangu Enzi za Msiri

Mzee wa Kikula, Likasi, akifa, kilio kikiisha ukoo hukaa kikao. Lupango, yaani kiwanja, lina hati yake. Baiskeli na cherehani hazihitaji hati, na hata madeni ya marehemu hupata wa kuyabeba. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inasema watoto ndio warithi wa kundi la kwanza na wana robo tatu ya mali. Mjane, wazazi na ndugu wanakuja baada yao. Lakini kama marehemu alikuwa mwindaji na ameacha bunduki ya kalibre 12 nyuma ya kabati, wazee huanza kutazamana. Bunduki ni mali, imenunuliwa kwa pesa, tena pesa nyingi. Hata hivyo haigawanyiki robo tatu. Kibali kiliandikwa jina la mtu mmoja, na mtu huyo ameshazikwa.

Wamarekani walikutana na tatizo hili wakalitafutia njia ya kisheria. Mwaka 1934, baada ya miaka ya majambazi wenye bunduki za rashasha mitaani, bunge lao lilipitisha sheria iliyoamuru silaha za aina hiyo, vizuia sauti na bunduki zilizofupishwa mtutu ziandikishwe serikalini, na kila moja ilipiwe kodi ya dola 200. Kwa thamani ya pesa ya siku zile, kodi hiyo ilikuwa ukuta. Mtu binafsi alihitaji pia saini ya mkuu wa polisi wa kwao. Wanasheria wakagundua kwamba sheria haikusema mwenye silaha lazima awe mtu mwenye damu. Wakaanza kuandika amana: hati inayounda mwenye mali wa karatasi, ikitaja wadhamini wanaoishika silaha na wanufaika watakaoipata baadaye. Mdhamini mmoja akifa, amana haifi. Mume, mke na kaka wote wanaweza kuishika silaha ileile bila yeyote kuvunja sheria, na mirathi haipiti mahakamani. Serikali iliziba sehemu ya pengo hilo mwaka 2016 ilipotaka kila mdhamini apeleke picha na alama za vidole. Amana zenyewe hazikukoma.

Fikra hiyo Wamarekani waliirithi kutoka Uingereza, ambako wenye ardhi wa Zama za Kati walikuwa wakimkabidhi mali mtu wanayemwamini ili aishike kwa faida ya mwingine. Mfalme Henry VIII alijaribu kuivunja desturi hiyo kwa sheria ya mwaka 1536, kwa kuwa ilimnyima kodi. Ila msomaji wa pwani yetu hana sababu ya kwenda mpaka London kuitafuta. Uislamu una wakfu, na silaha zilikuwemo ndani ya wakfu tangu mwanzo: katika hadithi sahihi, Mtume anamtetea Khalid ibn al-Walid kwa kuwa alikwisha kuweka deraya na zana zake za vita wakfu katika njia ya Mungu. Wanazuoni wa Kishafii, madhehebu ya Zanzibar, Mombasa na Lamu, wanakubali wakfu wa kitu kinachohamishika ikiwa kinatumika bila kuisha. Kwa kipimo hicho upanga unafaa na bunduki inafaa, lakini baruti haifai, maana ukiitumia imekwisha. Sijui kama kuna kadhi aliyewahi kuulizwa habari ya baruti, ila jambo hilo linatufikisha Katanga moja kwa moja, kwa sababu huku historia ya bunduki ilikuwa historia ya baruti kabla ya kuwa ya kitu kingine.

Msiri, jina lake la kwanza Ngelengwa, alikuwa mtoto wa Kalasa, mfanyabiashara wa shaba kutoka Usumbwa, upande wa Unyamwezi. Alifika Katanga katikati ya karne ya 19 na watu wachache na bunduki chache, mahali ambapo watawala wa asili walipigana kwa mishale na mikuki. Bunduki chache zilitosha kuanzia. Alisaidia wakubwa wa hapa dhidi ya adui zao, akadai malipo, kisha akawa mkubwa kuliko waliomwalika. Makao yake, Bunkeya, kaskazini ya Likasi ya leo, yakawa njia panda ya bara zima: misafara ya mashariki ikienda Unyamwezi mpaka pwani ya Zanzibar, misafara ya magharibi ikienda Bihé na Benguela upande wa Angola. Pembe za ndovu, misalaba ya shaba na watumwa vilitoka. Nguo, shanga, bunduki na baruti viliingia. Kuoa kwake kulifuata njia hizohizo: mmoja wa wake zake wakubwa, Maria da Fonseca, alitoka katika jamaa za wafanyabiashara wa Angola.

Bunduki hizo zilikuwa za nani? Za Msiri, kwa maana moja. Yeye ndiye aliyeshika biashara ya pembe, na bila pembe hapakuwa na bunduki. Lakini hazikukaa nyumbani kwake. Zilikuwa mikononi mwa wawindaji wa ndovu, mwa wakuu aliowaweka mikoani, mwa vijana wa vita. Aliyepewa bunduki alikuwa ameshika kitu cha Mwami, yaani mtawala, kwa kazi ya Mwami, na njia ya kumkumbusha hivyo ilikuwa baruti. Gobore bila baruti na fataki ni mwichi tu. Mwenye ghala la baruti aliweza kuigawa silaha nchi nzima na bado akabaki mwenye silaha. Ningesema huo ulikuwa mfumo wa amana usio na hati: mdhamini mmoja, washikaji wengi, na mtaji ulioletwa kwa mabega ya wapagazi kutoka bahari mbili.

Udhaifu wake ulionekana ghala lilipopungua. Wasanga, wenyeji waliochoshwa na utawala wa Bayeke, watu wa Msiri, waliasi mwaka 1891 na kuzikata njia za misafara. Kwa miaka hiyo wageni weupe walikuwa wakipishana Bunkeya. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alikuwa amefika mwaka 1886, wenzake wakafuata. Alfred Sharpe alikuja mwaka 1890 kutafuta mkataba kwa ajili ya Waingereza, akaondoka mikono mitupu. Mwaka 1891 wakaja watu wa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji na mwenye Dola Huru ya Kongo: Paul Le Marinel, kisha Alexandre Delcommune, na mwezi Desemba Kapteni William Stairs, Mkanada aliyeongoza msafara wa askari na wapagazi walioajiriwa wengi wao Zanzibar. Msiri alitaka baruti kwa kila aliyekuja. Wao walitaka saini na bendera. Tarehe 20 Desemba 1891 ofisa wa Stairs, Omer Bodson, alimpiga Msiri risasi akamuua, na yeye mwenyewe akapigwa papo hapo akafa.

Hapo ndipo swali la urithi lilipojibiwa kwa mara ya kwanza katika Katanga ya kisasa, na jibu lilikuwa baya. Mtoto wa Msiri, Mukanda Bantu, alitambuliwa kuwa mrithi, lakini alichorithi kilikuwa cheo na sehemu tu ya watu. Wakuu waliokuwa wameshika bunduki za baba yake walijikuta kila mmoja na bunduki zake. Wasanga waliendelea kupigana. Bayeke waliobaki na Mukanda Bantu wakawa wasaidizi wa Dola Huru ya Kongo katika vita vyake, wakibeba silaha chini ya bendera ya waliomuua mzee wao. Hapakuwa na maandishi mahali popote yanayosema, akifa mwenye ghala, bunduki zilizotapakaa zirudi kwa nani.

Mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kifo hicho, watu ambao hawakuwahi kuiona Bunkeya walikuwa wameshaandika jibu la jumla kwa ajili ya Afrika nzima ya kati. Mkutano wa Brussels ulianza mwaka 1889, na hati yake ikatiwa saini tarehe 2 Julai 1890 na madola 17, Zanzibar na Dola Huru ya Kongo yakiwemo. Inakumbukwa kama hati ya kupinga biashara ya watumwa, na ni kweli, lakini ndani yake mna vifungu vya silaha vilivyodumu kuliko vingine vyote. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta, kutoka Atlantiki mpaka Bahari ya Hindi na visiwa vyake vya karibu, ilipigwa marufuku kuingiza bunduki zenye mtutu wa mifereji na nyingine za kisasa. Silaha zilizoruhusiwa zilitakiwa kuwekwa katika maghala ya serikali. Mtu binafsi angeweza kupewa kibali kwa jina lake akitoa dhamana ya kutosha kwamba hataitoa, hataikabidhi wala hataiuza kwa mwingine, na bunduki yenyewe ipigwe alama. Gobore la gumegume na baruti ya kawaida viliachwa viendelee kuuzwa, chini ya uangalizi.

Sababu ya huruma ilikuwepo. Misafara ya watumwa iliishi kwa bunduki. Sababu ya pili ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwa na macho: ni rahisi zaidi kuitawala nchi yenye magobore kuliko nchi yenye raifo. Lakini mimi jambo la tatu ndilo linaloniumiza kichwa. Hati ile ilihesabu wenye bunduki wa namna mbili tu, serikali na mtu mmoja mmoja mwenye kibali. Mtawala aliyeshika silaha kwa niaba ya watu wake hakuwa na mahali. Ukoo haukuwa na mahali. Kila kibali kinachotolewa leo Lubumbashi, Dodoma au Nairobi, chenye jina la mtu, namba ya bunduki na onyo la kutokuikabidhi kwa mwingine, ni mjukuu wa karatasi ile ya Brussels.

Lakini waandishi hao walisahau, au walijifanya kusahau, kwamba kuna mtu wa tatu asiye na damu wala bendera. Katanga ilimpata mapema. Compagnie du Katanga ilianzishwa mwaka 1891, na mwaka 1900 ikaundwa Comité Spécial du Katanga, chombo kilichoendeshwa kwa pamoja na Dola Huru na kampuni, theluthi mbili kwa moja. Chombo hicho kiligawa ardhi, kiligawa madini, na kilikuwa na kikosi chake cha polisi chenye bunduki mpaka utawala uliporudishwa serikalini mwaka 1910. Wanahisa wa Brussels, ambao hawajawahi kushika hata panga la kufyekea, walikuwa wenye bunduki za Katanga kupitia hisa zao. Mwanahisa akifa, hisa inakwenda kwa mtoto na bunduki inabaki zamuni. Mwanasheria wa Marekani angeitambua hati hiyo mara moja.

Mfano wa kinyume ulitokea kwa askari wenyewe. Mwaka 1895 wanajeshi wa Force Publique, jeshi la Dola Huru, waliasi Luluabourg, katika maasi ambayo historia imeyabatiza jina la Watetela. Waliondoka na bunduki za serikali, na baadhi yao wakaingia kaskazini ya Katanga, wakashirikiana na Kasongo Nyembo, mfalme wa Waluba, ambaye Wabelgiji hawakumkamata mpaka mwaka 1917. Zaidi ya miaka 20 ilipita tangu bunduki zile zitoke katika daftari la kambi. Kwenye karatasi bado zilikuwa za serikali.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba ikajenga miji. Likasi ikakua karibu na viwanda vya Panda na Shituru, ikapewa jina la Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot wa Société Générale. Kikula ikawa mahali pa watu weusi: wafanyakazi, mafundi cherehani, wauza samaki, makarani. Katika mji wa namna hiyo bunduki ilikuwa kitu cha kuonekana kwa wengine. Mwindaji wa kijijini aliweza kuwa na gobore lake lenye kibali, na chifu mwenye medali ya serikali alikuwa na heshima yake. Mwanamgodi alikuwa na namba ya kazi. Migomo ya Desemba 1941, iliyowafikia wafanyakazi wa Jadotville na wa Élisabethville (Lubumbashi ya leo), ilikutana na risasi za askari.

Kisha ikaja miaka miwili na nusu ambayo wazee wa Likasi huihesabu peke yake. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Waziri wake wa mambo ya ndani alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri. Jandarmeri ya Katanga ilijengwa kwa maofisa wa Kibelgiji, mamluki na pesa za shaba. Kati ya tarehe 13 na 17 Septemba 1961 kikosi hicho kiliizingira mjini Jadotville kampuni ya wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, watu zaidi kidogo ya 150 chini ya Pat Quinlan. Walipigana mpaka maji na risasi vikaisha, wakasalimu amri bila kupoteza hata mmoja. Ghala likiwa tupu, silaha nzuri kiasi gani haisaidii; somo la Bunkeya lilirudiwa na watu waliotoka Athlone. Mwanzoni mwa Januari 1963 Umoja wa Mataifa uliuchukua mji, na mwezi huohuo kujitenga kukaisha.

Serikali ya Katanga ilikufa. Mali yake, kwa haki zote, ilikuwa ya Jamhuri. Lakini maelfu ya majandarma walivuka mpaka wakaingia Angola na bunduki zao, wakapigana vita vya Wareno, kisha vya wengine, wakazaa watoto. Mwaka 1977 walirudi kwa nguvu kupitia mpaka wa magharibi wakiwa kundi la FLNC la Nathanaël Mbumba. Mwaka 1978 wakaichukua Kolwezi, na Ufaransa na Ubelgiji zikatuma askari wa miavuli. Waliokuja mara hiyo hawakuwa wote wale wa mwaka 1963. Wengine walikuwa wana wao. Silaha na ugomvi vilikuwa vimerithiwa pamoja, bila kikao cha ukoo. Munongo mwenyewe alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha babu yake akiwa Mwami wa Bayeke tangu mwaka 1976, akiwa na cheo ambacho zamani kilimaanisha ghala la baruti na sasa kilimaanisha ngoma, ardhi na mahakama ya mila.

Sheria ya silaha inayotawala Kongo ni ya Mobutu, ya tarehe 3 Septemba 1985. Roho yake ni ya Brussels: kwanza marufuku, halafu kibali. Amana ya Kiingereza haimo katika sheria yetu ya madai, iliyotoka Ubelgiji, na shirika lisilo la faida la mwaka 2001 halikubuniwa kwa ajili ya kutunza bunduki. Hata hivyo kuna mlango mdogo, nao haupo kwenye sheria ya silaha. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inataja, kati ya vibali vyake, kibali cha uwindaji cha pamoja, kinachotolewa kwa ajili ya jamii ya kijiji badala ya mtu mmoja. Ni kibali cha kuua mnyama, si cha kumiliki mtutu, na kimefungwa kwa masharti. Lakini ndani yake wazo la zamani linapumua: kwamba nyama ni ya kijiji, na anayeifuata porini amebeba jukumu la wengi. Mbunge wa Haut-Katanga anayetafuta kazi ya maana angeweza kuanzia hapo. Kijiji chenye wawindaji 6 kingeandikisha bunduki 2 kwa jina la kijiji, mbele ya watunzaji wanaojulikana, na bunduki ibaki mahali pake mtunzaji akifa. Najua hoja ya kupinga: leo kijiji, kesho wanamgambo. Hoja hiyo ina uzito katika nchi hii. Ila hali ya sasa ndiyo inayozalisha pupu, magobore ya mafundi wa vijijini yasiyo na namba wala kibali, ambayo kwa serikali hayapo na kwa ndovu yapo.

Kaskazini ya mkoa hoja hiyo ilipimwa kwa damu. Wanamgambo wa Mai-Mai walipewa silaha wakati wa vita vya mwaka 1998 na kuendelea ili wapigane na wavamizi, na vita vilipoisha aliyewapa hakuwa na njia ya kuzidai. Shirika la PAREC lilikubali ukweli huo na kuanza kubadilisha bunduki kwa baiskeli. Wengine walizibakiza. Kiongozi mmoja wa Mai-Mai, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha Mitwaba mwaka 2006, akahukumiwa kifo mwaka 2009, akatoroka gerezani Lubumbashi mwaka 2011, na wapiganaji wa kundi lake, Bakata Katanga, wakaingia mjini humo tarehe 23 Machi 2013. Mkataba wa Kinshasa wa silaha ndogo, uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017, unataka kila silaha ipigwe alama na iandikwe. Alama inamwambia afisa bunduki ilitoka wapi. Haimwambii mjane wa Kikula aipeleke kwa nani.

Na kampuni zimerudi, ingawa si kwa mtindo wa mwaka 1900. Kwenye migodi ya shaba na kobalti kuanzia Likasi mpaka Kolwezi, walinzi wa kampuni za ulinzi hubeba virungu. Bunduki hubebwa na polisi wa migodi. Silaha ni ya serikali, posho ya anayeibeba mara nyingi hutoka kwa mwenye mgodi, na kinacholindwa ni mali ya wanahisa walioko mbali. Mchimbaji wa mkono anapopigwa risasi usiku juu ya lundo la mawe, kampuni husema bunduki si yake, serikali husema askari alikuwa kazini kwa kampuni, na askari husema aliamriwa.